Dira iliyodanganywa na meli yake: uchambuzi wa kuzama kwa Tayleur, 1854

Tarehe 19 Januari 1854 meli ya matanga iitwayo Tayleur ilitoka Liverpool, Uingereza, kwenda Melbourne, Australia. Ilikuwa safari yake ya kwanza. Ilibeba watu zaidi ya 600, wengi wao familia zilizokuwa zinahamia Australia, ambako dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1851. Tarehe 21 ikapanda miamba ya kisiwa cha Lambay, jirani na Dublin. Nahodha na mabaharia wake waliamini kwamba wanateremka kusini kupitia Bahari ya Ireland, maji yakiwa wazi mbele yao. Kumbe walikuwa wanaenda magharibi, wakiielekea pwani ya Ireland. Zaidi ya nusu ya waliokuwamo walikufa. Inasimuliwa kwamba kati ya wanawake zaidi ya 100 waliopanda, 3 tu ndio waliookoka.

Shuleni tunafundishwa sumaku kwa vipande viwili vya chuma vilivyopakwa rangi nyekundu na buluu: ncha zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana, na mchezo unaishia hapo. Kisa cha Tayleur kinaonyesha mengine yanayorukwa haraka darasani, na kwangu hayo ndiyo yenye uzito zaidi: usumaku wa chuma una asili, una umri, na unaweza kubadilika chuma kikitikiswa. Meli ile ilitengenezewa dawa ya kudumu kwa ugonjwa usiokuwa wa kudumu.

Chuma kinavyopata sumaku bila kuguswa na sumaku

Mwili wa Tayleur ulikuwa wa chuma. Iliundwa Warrington, kando ya mto Mersey, ikashushwa majini tarehe 4 Oktoba 1853. Kwa hiyo siku ilipoondoka Liverpool haikuwa imetimiza hata miezi minne tangu iguse maji. Umri huo mdogo tuuweke akilini, maana ndiyo kiini cha kesi.

Ndani ya chuma mna maeneo madogo sana, na kila eneo ni sumaku kamili yenye ncha ya kaskazini na ncha ya kusini. Katika kipande cha kawaida maeneo hayo yameelekea kila upande, hivyo nguvu zao zinafutana na kipande hakivuti hata pini. Ndiyo sababu pia ukikata sumaku katikati hupati ncha moja mkono huu na nyingine mkono ule. Unapata sumaku mbili, kila moja na ncha zake zote mbili, kwa kuwa tangu mwanzo zilikuwamo sumaku nyingi zilizopangana.

Kinachohitajika ili chuma kiwe sumaku ni kuyafanya maeneo hayo yaelekee pamoja. Uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafika, unaweza kufanya hivyo, na uga mmoja uko kila mahali: ule wa dunia yenyewe. Ni dhaifu, wenyewe peke yake hauwezi kugeuza maeneo mengi ndani ya chuma kigumu. Lakini chuma kikipigwa nyundo kikiwa ndani ya uga huo, kila pigo huyalegeza maeneo kwa kitambo kidogo, na yakilegea hujipanga kufuata uga. William Gilbert, tabibu wa Kiingereza, alieleza jambo hili mwaka 1600: mhunzi akifua chuma kilicholala kaskazini kwa kusini, chuma hicho kinageuka sumaku. Joto nalo lina kazi ile ile. Chuma kikipashwa kupita nyuzi 770 za Selsiasi hupoteza usumaku wake wote, na kinapopoa huanza upya, kikifuata uga wowote kinaoukuta.

Sasa fikiria kiwanda cha kuunda meli. Bamba baada ya bamba linapigiliwa kwa ribiti, yaani misumari minene ya chuma, zilizotolewa motoni zikiwa nyekundu, na kila ribiti inapigwa nyundo mpaka ikae. Kazi hiyo inaendelea kwa miezi, na muda wote meli imelala mahali pamoja, omo yake, yaani sehemu ya mbele, ikielekea upande ule ule. Huwezi kubuni njia nzuri kuliko hiyo ya kutengeneza sumaku kubwa. Meli ya chuma inaposhuka majini tayari ina ncha zake, na mahali zilipo panategemea ilielekea wapi wakati wa kuundwa. Katika nchi za kaskazini, meli iliyoundwa omo ikiwa kaskazini hupata tezi (sehemu ya nyuma) inayovuta ncha ya kaskazini ya sindano ya dira. Iliyoundwa omo ikiwa kusini hufanya kinyume, omo ndiyo inayovuta. Hakuna aliyekusudia hivyo, na hakuna fundi anayeweza kuzuia.

Kuna sehemu ya pili ya usumaku wa meli, na hii ni ya kuazima. Chuma laini kikiwa ndani ya uga huwa sumaku papo hapo, na kikiondolewa au kugeuzwa huachia usumaku ule au huugeuza. Nguzo, milango na minyororo ya meli huazima usumaku wa dunia namna hiyo. Jambo hili unaweza kulihakiki hapa kwetu bila maabara. Chukua dira ndogo, iweke karibu na kitako cha nguzo ya chuma ya geti iliyosimama wima, kisha ipandishe taratibu mpaka juu. Dar es Salaam au Mombasa, kwa kawaida kitako huvuta ncha ya kaskazini ya sindano, na kilele huvuta ncha ya kusini. Ukifanya hivyo Liverpool unapata kinyume chake. Sababu ni kwamba mistari ya uga wa dunia haiendi sambamba na ardhi. Huko Uingereza mistari hiyo inazama ardhini kwa mwinamo mkali wa karibu digrii 70. Pwani yetu iko kusini mwa ikweta ya sumaku (mstari ambapo uga wa dunia umelala sambamba na ardhi), ambayo katika bara hili hupita pande za Ethiopia, hivyo kwetu mistari ile inatoka ardhini kwenda juu kuelekea kaskazini.

Mwinamo huo unaeleza pia kwa nini maji ya Uingereza yalikuwa mahali pabaya pa kutegemea dira ndani ya meli ya chuma. Sindano ya dira inageuka kwa ulalo tu, kwa hiyo inatumia ile sehemu ya uga iliyolala. Kwa mwinamo wa digrii 70 sehemu hiyo ni kama theluthi moja tu ya nguvu yote, na iliyobaki inavuta kwenda chini, haina faida kwa baharia. Sindano inayoshikwa kwa nguvu ndogo ni rahisi kupotoshwa na jirani yake wa chuma.

Sindano katikati ya mabishano

Dira haijui kaskazini. Inafuata jumla ya nguvu zote zinazofika mahali ilipo. Juu ya sitaha ya Tayleur jumla hiyo ilikuwa na sehemu tatu: dunia, usumaku ambao meli ilizaliwa nao, na usumaku wa kuazima.

Tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi haikuwa tatizo. Katika bahari ile wakati ule ilikuwa zaidi ya digrii 20 kwenda magharibi, lakini ilijulikana na ilichapwa kwenye ramani, na baharia yeyote aliihesabu. Tatizo lilikuwa kosa linalotoka kwenye meli yenyewe, kwa sababu linabadilika kila meli inapogeuka.

Chukua meli ambayo tezi yake inavuta ncha ya kaskazini ya sindano. Ikielekea kaskazini, tezi iko kusini, inavuta kinyume na dunia: sindano inaonyesha sawa lakini inakuwa nzito kugeuka. Ikielekea mashariki, tezi iko magharibi, na sindano inavutwa magharibi. Ikielekea kusini, tezi iko kaskazini na inaisaidia dunia. Ikielekea magharibi, sindano inavutwa mashariki. Meli ni ile ile na dira ni ile ile, lakini kosa ni tofauti kwa kila upande. Safari ya Tayleur ilianza kwa kuelekea magharibi kutoka Liverpool, kisha ilipaswa kupinda kwenda kusini. Kosa lolote lililobaki kwenye dira lingebadilika pale pale kwenye kona, mahali ambapo nahodha alihitaji ukweli kuliko kwingine kote.

Hesabu ya mabaharia inasema: katika kila maili 60, kosa la digrii 1 hukutupa pembeni kama maili 1. Kosa la digrii 10 katika mwendo wa maili 100 ni maili 17 hivi. Ndani ya bahari nyembamba kama ile, kiasi hicho kinatosha kuivusha meli kutoka maji salama mpaka miambani.

Dawa ya Airy

Si kweli kwamba watu wa 1854 hawakulijua tatizo. Mwaka 1838 George Biddell Airy, mkuu wa wanajimu wa serikali ya Uingereza, aliifanyia majaribio meli ya chuma iitwayo Rainbow huko Deptford. Aliizungusha meli pande zote, akapima kosa la dira kila upande, kisha akalitenganisha: kiasi gani kinatokana na usumaku wa kudumu wa meli, na kiasi gani ni cha kuazima. Halafu akaweka sumaku za pua, yaani chuma kigumu, karibu na dira zielekee kinyume cha usumaku wa kudumu, na vipande vya chuma laini kufuta ule wa kuazima. Sindano ikarudi kuonyesha sawa.

Ni kazi nzuri, na mantiki yake bado inatumika. Simu uliyonayo mkononi, inapokuomba uichezeshe kwa umbo la nane ili dira yake ifanye kazi, inafanya kazi ya Airy: inajizungusha kila upande, inatafuta kiasi cha uga kinachozunguka pamoja nayo kutoka kwenye spika na vyuma vyake, kisha inakitoa kwenye hesabu.

Dira za Tayleur zilirekebishwa kwa njia hiyo na fundi wa dira kabla ya kuondoka. Kwa elimu iliyokuwapo, alifanya alichopaswa kufanya. Meli ikatoka bandarini ikiwa na sumaku zake ndogo karibu na dira, kila mmoja akiamini kwamba shauri la dira limekwisha.

Kilichotokea baharini

Hali ya hewa iliharibika. Anga lilifunga, jua halikupimika, nchi kavu haikuonekana. Nahodha John Noble, kijana wa miaka 29, akabaki na dira tu. Nazo zilipingana: mbili zilitoa majibu tofauti ndani ya meli moja. Tofauti ya namna hiyo ni taarifa kamili. Inasema kwamba walau moja imepotea, na kwamba uga unatofautiana mahali na mahali juu ya sitaha. Haisemi ipi imepotea, wala haizuii zote mbili kuwa zimepotea.

William Scoresby ndiye aliyetoa maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu zaidi. Alikuwa mwindaji wa nyangumi wa bahari za barafu katika ujana wake, baadaye kasisi, na maisha yake yote mchunguzi wa sumaku. Septemba 1854, kwenye mkutano wa wanasayansi wa Uingereza uliofanyika Liverpool kwenyewe, alisimama akaichambua ajali ya Tayleur. Hoja yake ilirudi kwenye nyundo ya Gilbert. Ikiwa mapigo ya kiwandani yaliweka usumaku ndani ya meli wakati imelala upande mmoja, basi mapigo ya mawimbi, meli ikiwa imeelekea upande mwingine, yatauvuruga. Mabamba yanapinda, ribiti zinakazwa na kulegea, mwili wote unatetemeka, na maeneo madogo ndani ya chuma yanapata nafasi ya kujipanga upya. Alishaonyesha kwa vipande na mabamba ya chuma kwamba kukipiga au kukikunja chuma kwa mwelekeo tofauti kunapunguza usumaku wake au hata kuugeuza. Meli mpya ndiyo inayoathirika zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya usumaku wake ni ule wa juujuu ambao haujatulia bado.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mwili wa meli ulisukuma sindano digrii 30 mashariki, na fundi akaweka sumaku za kuirudisha digrii 30 magharibi. Bandarini jumla ni sifuri. Sasa bahari ikaunyang'anya mwili wa meli theluthi ya usumaku wake. Meli inasukuma digrii 20 tu, lakini sumaku za fundi, zilizotengenezwa kwa pua ngumu, hazikupoteza chochote. Dira inakosea digrii 10 kwenda magharibi, na kosa hilo limeletwa na dawa. Nahodha anaangalia chombo kilichohakikiwa majuma machache nyuma na hana alama yoyote ya kumwambia kwamba mizani imepinda.

Airy hakukubali. Aliona vigumu kuamini kwamba usumaku ungebadilika kwa kiasi hicho ndani ya siku mbili, na wawili hao wakajibizana hadharani. Yampasa msomaji ajue kwamba hakuna aliyepima usumaku wa Tayleur siku ile, na meli ikawa chini ya maji. Scoresby alijenga hoja yake kwa dalili. Hata hivyo, dalili zenyewe zinaungana vizuri: meli changa, bahari chafu, mwelekeo mpya, dira zinazopingana, na kosa ambalo halikuonekana bandarini.

Siwezi kuiachia sumaku lawama yote. Usukani wa Tayleur ulikuwa mdogo kwa meli ya ukubwa ule. Kamba zake mpya zilikuwa hazijavutwa zikakaa, zikalegea, na matanga yakawa hayashikiki. Mabaharia wenye ujuzi walikuwa wachache, na baadhi ya wengine hawakuelewana lugha na wakubwa wao. Timazi haikushushwa kupima kina cha maji, wakati kina kingeweza kuwaonya kwamba wanaikaribia nchi kavu. Miamba ilipoonekana, nanga zote mbili ziliangushwa na minyororo ikakatika. Kwenye uchunguzi wa vifo uliofanyika Ireland, wazee wa baraza waliwalaumu wenye meli kwa kuiruhusu iondoke dira zake zikiwa hazijarekebishwa ipasavyo. Lawama hiyo naiona nusu yake ni ya haki. Dira zilikuwa zimerekebishwa. Kosa la wenye meli lilikuwa kuitoa meli ya chuma isiyojaribiwa, katikati ya majira ya baridi, na mamia ya watu ndani yake, bila kwanza kuipeleka baharini ikatikiswe na kupimwa tena.

Tena Tayleur ilikuwa inakwenda Melbourne. Hata kama ingepita salama, dawa ya Liverpool isingefaa huko. Australia mwinamo wa uga ni mkali vilevile lakini kwa upande wa pili, kama tulivyoona kwenye nguzo ya geti. Chuma laini kilichosimama wima kingekuwa kimegeuza ncha zake, na sumaku za fundi zingebaki vilevile.

Mabaharia wa majahazi na mitepe hawakuwahi kukutana na jambo hili. Mtepe wa Lamu ulishonwa kwa kamba za kumbi bila msumari wa chuma hata mmoja. Wasafiri wa kale waliandika uvumi kwamba vyombo vya Bahari ya Hindi vilishonwa kwa sababu huko baharini kuna milima ya sumaku inayong'oa misumari. Haikuwapo milima hiyo. Chombo cha kushonwa kilinyumbuka vizuri kwenye mawimbi ya pwani, na vifaa vyake vilipatikana hapa hapa.

Baada ya Lambay

Mwaka 1855 iliundwa Liverpool kamati ya kuchunguza dira za meli za chuma, ikakusanya vipimo vya meli nyingi. Scoresby naye hakuridhika na maneno. Mwaka 1856, akiwa na miaka 66, alipanda meli ya chuma Royal Charter kutoka Liverpool mpaka Australia ili apime mwenyewe. Alikuta usumaku wa meli ukibadilika kadiri walivyoingia kusini, na dira zilizorekebishwa Liverpool zikapotoka. Dira iliyofungwa juu ya mlingoti ilibaki ya kuaminika. Alikuwa ameipigania dira hiyo kwa sababu ambayo kila mwanafunzi wa sumaku anaweza kuihesabu: nguvu ya sumaku ndogo hupungua haraka sana kwa umbali. Ukiwa mbali nayo kiasi cha kutosha, ukizidisha umbali mara mbili uga wake hubaki sehemu moja kati ya nane. Mwili wa meli si sumaku ndogo, hivyo hesabu haitoki hivyo hasa, lakini mwelekeo ni huo. Uga wa dunia haupungui ukipanda mlingoti, wa meli unapungua. Scoresby alifariki mwaka uliofuata, 1857.

Njia ya Airy haikutupwa. Ilibaki, ikaongezewa unyenyekevu wa Scoresby. Mwaka 1876 mwanafizikia William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alisajili dira yenye sindano fupi na nyepesi. Ufupi ule ulikuwa na kazi: sindano fupi inaweza kusawazishwa na sumaku ndogo na mipira ya chuma ya ukubwa unaobebeka, kwa kuwa uga unaoizunguka haubadiliki sana kutoka ncha mpaka ncha. Mipira hiyo miwili, kushoto na kulia kwa dira, bado utaiona kwenye meli nyingi zinazotia nanga Dar es Salaam na Mombasa. Ndani ya nguzo ya dira mna sumaku za kufuta usumaku wa kudumu, na mbele yake fimbo ya chuma laini iliyosimama wima, yenye jina la baharia Mwingereza Matthew Flinders, kwa ajili ya ule unaobadilika meli inapovuka ikweta ya sumaku.

Pembeni huwekwa kadi ya makosa ya dira, iliyoandikwa kwa kila mwelekeo. Kadi hiyo hupimwa upya meli ikichomelewa mabamba, ikipigwa na radi, ikilala gatini muda mrefu ikielekea upande mmoja, au ikibeba shehena ya chuma. Baharini, ofisa wa zamu hulinganisha dira na jua au nyota kila anapopata nafasi na kuandika kosa daftarini, hata kama jana lilikuwa sifuri.